Kitu kizito kikikuangukia mguuni kazini: namna ya kuzuia, buti la kuvaa, na saa za kwanza baada ya ajali

Ukisikia kitu kimemwangukia mtu mguuni kazini, akili hukimbilia tofali lililotoka ghorofani. Karakana, stoo na majiko makubwa yana picha nyingine: pampu iliyoponyoka mkononi ikiwa inashushwa, kipande cha bomba kilichodondoka msumeno ulipomaliza kukata, droo iliyochomoka kabati likiinamishwa. Kimo ni cha kiuno au chini ya hapo, na anayeumia ni yule yule aliyekishika kitu. Kwa hiyo tunaanza na mikono na mahali pa kuweka nyayo. Buti linafuata baadaye, na huduma ya kwanza mwishoni.

Kwa nini huwezi kuuwahisha mguu

Kitu kikianguka kutoka sentimita 90, kimo cha meza ya kazi, kinafika sakafuni kwa sekunde 0.43 hivi. Jicho na ubongo vinakula karibu nusu ya muda huo kabla msuli haujaanza kutii. Mguu uliobeba uzito wa mwili nao hauondoki mpaka uzito uhamie kwanza mguu wa pili. Muda hautoshi, hata kwa kijana mwepesi.

Kishindo chenyewe kinapigiwa hesabu rahisi: kilo mara mita mara 9.8, jibu ni jouli, kipimo cha nishati ya pigo. Spana ya kilo 2 ikitoka mezani inaleta jouli 18 hivi. Mota ya kilo 25 ikiponyoka kutoka sentimita 80 inaleta jouli 196. Nyundo ya kilo 2 ikitoka kwenye jukwaa la mita 10 inaleta 196 hizo hizo. Iweke akilini namba 200, tutairudia kwenye buti.

Jouli hazisemi kila kitu. Mfuko wa saruji unajikunja na kusambaza pigo, lakini kona ya bamba la chuma inaweka pigo lote mahali padogo kama ncha ya kidole. Mguu mmoja una mifupa 26: 14 ya vidole, 5 mirefu ya katikati, na 7 ya upande wa kisigino na kifundo. Juu ya ile mitano mirefu kuna ngozi nyembamba, kano na mishipa, bila nyama ya maana ya kupokea pigo. Kumbuka eneo hilo, kwa sababu mabuti mengi hayalilindi.

Kabla hujanyanyua

1. Jiulize kama lazima kibebwe mkononi. Troli, jeki ya pallet, winchi ya mnyororo au hata ubao wa kutelezeshea vinaondoa hatari yote kabla haijaanza. Safari ya mita tatu ndiyo inayowadanganya watu: kuifuata troli wanaona ni usumbufu, basi wanabeba.

2. Inamisha kona moja ya mzigo kidogo upime uzito, na uone uzito umeegemea upande gani. Mota, gia boksi na friji huwa na upande mmoja mzito. Ukizishika katikati ya umbo zitajizungusha mkononi, na upande mzito utashukia mguu wako.

3. Tafuta kitakachochomoka. Droo, rafu, mfuniko, mlango, betri isiyofungwa. Vitoe au vifunge kwa utepe wa gundi au kamba. Kabati la majalada likiinamishwa digrii chache tu, droo ya juu inatoka yenyewe ikiwa imejaa.

4. Angalia kitako cha boksi. Katoni iliyokaa kwenye sakafu yenye unyevu inaonekana nzima, lakini kitako chake kimelegea. Pitisha kiganja chini. Ukihisi ubaridi au ulaini, ihamishie kwenye kreti. Katoni nzima ishike kwa pembe mbili zinazotazamana mshazari, mkono mmoja chini na mwingine juu.

5. Futa mafuta. Mzigo wenye mafuta ukishikwa kwa glavu za kitambaa zilizolowana ni mzigo ulioanza kuanguka. Glavu zenye mpira viganjani zinashika vizuri. Zikiwa kubwa kupita mkono ni hatari kuliko kutokuwa nazo, kwa sababu ngozi ya glavu inabaki na mzigo wakati mkono unateleza ndani.

6. Tembea njia nzima ukiwa mtupu, na tayarisha mahali pa kutua. Asiyejua ataweka wapi hujikuta anazunguka na mzigo mikononi huku vidole vimeanza kuchoka.

Mkiwa wawili, mmoja tu ndiye atoe amri, na amri iwe ya maneno yaliyokubaliwa kabla: "tayari", "nyanyua", "shusha". Kosa linalojirudia ni mmoja kuachia akidhani mwenzake ameshaachia. Mzigo unajipindua na unaangukia upande wa yule aliyekuwa bado ameshika.

Halafu kuna kanuni moja ya kusemwa kwa sauti kabla kazi haijaanza: kikiponyoka, kiache kianguke. Usikidake, usikikinge kwa goti, na zaidi ya yote usikitilie mguu. Waliokulia kwenye mpira wana hatari ya pekee hapa, kwani mguu unatoka wenyewe kukipokea kitu. Achia, rudi hatua moja nyuma, mikono wazi. Pampu iliyopasuka inanunuliwa nyingine.

Kuushusha mzigo

Hapa ndipo vidole vinapobanwa. Mikono imechoka, macho yameshaona kazi imekwisha, na vidole vya mkono vinatafuta namna ya kutoka chini ya mzigo. Mtu anaachia sentimita kumi za mwisho, na zile sentimita kumi za kitu cha kilo 60 zinatosha kuvunja kidole kilicho kwenye kiatu laini.

Kwanza weka vipande viwili vya mbao sakafuni, vyenye unene wa sentimita 5 hadi 10, sambamba, mahali mzigo utakapokaa. Vinaacha nafasi ya vidole vya mikono kutoka, kwa hiyo huna sababu ya kuudondosha. Simama miguu ikiwa imetanuka kiasi cha mabega, mguu mmoja mbele kidogo, lakini nyayo zote mbili ziwe nje ya kivuli cha mzigo. Yaani, mzigo ukianguka wima sasa hivi, uguse sakafu pasipo kiatu. Kunja magoti, tanguliza ukingo wa mbali ukae juu ya ubao wa kwanza, kisha laza ukingo wa karibu taratibu juu ya ubao wa pili. Kusukuma kwa kurekebisha kufanywe kwa mikono au kwa mtaimbo, kamwe si kwa ncha ya kiatu.

Kukata, kufungua na kufungulia

Vitu vilivyofungwa vina tabia ya kuanguka pale tu kazi inapomalizika. Ukikata bomba au nondo, weka stendi pande zote mbili za mkato. Watu wengi huweka upande mmoja tu, upande wanaoutaka, na kipande kinachobaki kinadondoka mbele ya msumeno, mahali fundi aliposimama. Ukifungua vaisi (kibano cha mezani), shika kipande kilichobanwa kwa mkono mmoja kabla hujalegeza mpini.

Ukitoa mota, gia boksi au pampu iliyoshikwa na bolti nne, iwekee jeki au stendi kabla ya kugusa bolti yoyote. Anza na za chini. Bolti za juu zilegeze, lakini ziache zimeshika hesi (mizunguko ya skrubu) kadhaa, kisha tikisa kitu uone kama kweli kimekaa kwenye jeki. Mara nyingi hakijakaa: kilikuwa kimegandishwa na kutu au gasketi, na kingeshuka ghafla baada ya bolti ya mwisho. Ukishahakikisha, malizia. Drami la breki ni vivyo hivyo. Likikataa kutoka, watu huligonga wakiwa wamechuchumaa miguu chini yake, na linapokubali linatoka kwa mkupuo mmoja.

Mabamba ya chuma, vioo na mawe yaliyopangwa kwa kuegemezwa ukutani yanastahili woga kuliko yanavyopewa. Yakisimama karibu wima, ukivuta la nyuma, yote ya mbele yanakuja pamoja. Yahifadhiwe kwenye fremu yenye nguzo zinazoyatenganisha, na yakiegemezwa kwa muda yafungwe kwa mkanda au mnyororo. Usijaribu kuzuia bamba lililoanza kulala. Ondoka pembeni.

Mitungi ya gesi: mtungi mkubwa wa chuma wa lita 50 una takriban kilo 60 hata ukiwa mtupu. Ule ufundi wa kuuinamisha na kuuzungusha kwa ukingo wa kitako unaonekana wa kitaalamu mpaka siku ukingo ule unapopanda juu ya kiatu. Tumia troli yenye mnyororo, kofia ya vali ikiwa imefungwa. Pipa la lita 200 likijaa maji linapita kilo 200. Likianza kubingirika halizuiwi kwa mguu, linawekewa kabari kabla halijaanza.

Vilivyo juu ya kichwa

Vizito vikae kwenye rafu za kati, kati ya goti na kiuno, vyepesi juu. Jukwaa la kazi liwe na ubao wa ukingoni uliosimama, wenye kimo cha sentimita 15 hivi, usioacha mwanya chini, ili spana iliyopigwa teke isitoke. Zana zinazotumika juu zifungwe kamba maalumu, ncha moja kwenye zana na nyingine kwenye mkanda au muundo. Zana nzito, za kilo kadhaa, zifungwe kwenye muundo na si kwenye mwili, maana zikianguka zitamvuta mtu. Juu ya ngazi hapawekwi kitu: mtu hushuka, anaihamisha ngazi, na nyundo aliyoisahau inamfuata. Chini ya kazi ya juu pazungushiwe utepe, na utepe uheshimiwe hata na wasimamizi.

Buti: soma maandishi yaliyo kwenye ulimi

Buti la usalama haliamuliwi kwa unene wa soli wala kwa ugumu ukilibonyeza mbele. Geuza ulimi usome. Kiwango kinachotumika sehemu nyingi za dunia ni ISO 20345. Buti lenye namba hiyo lina kofia ya vidole iliyopimwa kwa pigo la jouli 200 na mgandamizo wa kilonyutoni 15, karibu uzito wa tani moja na nusu. Ndiyo ile mota ya kilo 25 iliyotoka kiunoni, na hakuna akiba kubwa juu ya hapo.

Namba zinazofanana ndizo zinazowaponza wanunuzi. ISO 20346 ni jouli 100 tu. ISO 20347 ni kiatu cha kazi kisicho na kofia kabisa. Kwa macho, kiatu kilichoandikwa O2 na kilichoandikwa S2 vinaweza kuwa mapacha, ila kimoja ni ngozi tupu mbele. Herufi za kuanzia S ndizo za jouli 200. S1 ni ya mahali pakavu, S2 inaongeza kuzuia maji yasipenye haraka, S3 inaongeza kinga ya msumari chini ya unyayo na soli yenye meno. Kwa kiwango cha Marekani, ASTM F2413, tafuta herufi I ya pigo na C ya mgandamizo. Pigo lake la kupimia ni karibu jouli 102, kwa hiyo usilinganishe viwango hivi viwili kama kwamba ni kitu kimoja.

Sasa lile eneo la hatari. Kofia inafunika vidole na kuishia hapo. Mifupa mitano mirefu iko nyuma yake, chini ya kamba za kiatu. Wanaobeba vyuma, mawe, mitungi, kreti za vinywaji au vipuri vya injini wanahitaji buti lenye kinga ya mgongo wa mguu: alama yake ni M kwenye ISO 20345, au Mt kwenye kiwango cha Marekani. Ni zito zaidi na watu hulilalamikia. Kwa kazi za kubeba kitu chenye kona tunaona malalamiko hayo yavumiliwe, na kwa dereva wa foklifti ashukaye mara mbili kwa siku hayana haja ya kuanzishwa.

Chuma, alumini au plastiki ngumu? Zote zikipita kipimo hicho hicho zinatosha. Alumini na plastiki ni nyepesi, na plastiki haiamshi mashine ya kukagua chuma. Tofauti kubwa ni baada ya pigo: chuma hubonyea ukakiona, plastiki inaweza kupasuka ndani na buti likabaki zuri kwa nje.

Ile hofu kwamba kofia ya chuma itajikunja na kukata vidole inarudiwa sana. Pigo la kukunja kofia kiasi hicho lingeponda mguu usio na kofia vibaya zaidi. Kuvua buti kwa hofu hiyo ni kuchagua kupondwa.

Kulijaribu: nenda mchana au jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi za kazini. Mbele ya kidole kirefu kubaki sentimita moja hivi. Piga goti, kunja mguu. Ukingo wa nyuma wa kofia ukikuuma juu ya vidole, hilo si buti lako; litakuuma kila siku, utaishia kulivaa bila kufunga kamba, na kamba zisipofungwa mguu unateleza nyuma ukatoka kwenye kofia.

Kikishaangukia: dakika kumi za kwanza

1. Zuia kitu kisiendelee kusogea, kisha kinyanyue wima. Usikiburute wala kukibingirisha juu ya mguu. Kikihitaji jeki, weka mbao chini yake kadiri kinavyopanda ili kisirudi.

2. Mketishe au mlaze. Maumivu ya kidole yanaweza kumzimisha mtu akiwa amesimama, akaumia na kichwa.

3. Damu ikitoka kwa wingi, bonyeza kwa kitambaa safi moja kwa moja kwenye jeraha, bila kuchungulia kila dakika.

4. Legeza kamba zote mpaka chini, kisha vua buti taratibu kwa kushika kisigino. Livuliwe mapema kabla uvimbe haujalibana, na ili mguu uonekane. Usilivue kwa nguvu kama mguu umepinda, mfupa unaonekana, au kofia imebonyea na kubana vidole. Hapo kata kamba na ngozi ya buti nyuma ya kofia ili kulegeza, uiache kofia yenyewe, na umpeleke akiwa nayo.

5. Linganisha miguu miwili: rangi, joto, hisia. Bonyeza ukucha wa kila kidole mpaka uwe mweupe, uachie. Wekundu urudi ndani ya sekunde mbili hivi. Kidole kilichobaki cheupe, cha bluu, baridi au chenye ganzi ni cha hospitali sasa hivi.

6. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, kisha pumzika saa moja au mbili kabla ya kurudia. Isigusane na ngozi, na isiwekwe kwenye mguu wenye ganzi.

7. Inua mguu juu ya mto au boksi.

Maji ya moto, kuchua kwa dawa ya mishipa na "kuurudisha" mfupa kwa kuvuta viachwe kabisa. Kukanda kwa moto siku mbili tatu za mwanzo kunaongeza kuvuja damu na uvimbe, na kuchua mfupa uliovunjika kunausogeza. Anayeonekana anaweza kuhitaji upasuaji asipewe chakula.

Kidole kikikatika, kisuuze kwa maji safi, kikunje kwenye kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo, tia kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uelee kwenye chombo cha maji yenye barafu. Barafu isikiguse moja kwa moja, itaiua nyama.

Nani aende hospitali, nani apumzike

"Anaweza kusogeza vidole, hajavunjika" si kweli. Kano zinavuta kidole hata mfupa ukiwa na ufa. Kipimo kinachosaidia zaidi ni kutembea na kubonyeza. Akishindwa kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea, anahitaji eksirei. Bonyeza kwa kidole gumba sehemu mbili: kinundu cha mfupa kilicho ukingoni mwa nje, katikati ya mguu, na mfupa ulio upande wa ndani, mbele kidogo ya kifundo. Akiruka kwa maumivu kwenye mojawapo, eksirei. Akitembea hatua nne na mifupa haiumi ikibonyezwa, kwa kawaida mapumziko yanatosha, lakini maumivu yakizidi kesho yake apimwe upya.

Wafuatao wasisubiri kupimwa kwa hatua:

Mwenye jeraha lililofunguka juu ya mfupa, au ukucha uliong'oka kwenye shina lake huku ngozi imechanika. Kidole kilichovunjika chini ya ukucha ulioraruka kinahesabiwa kama mfupa ulio wazi, na bila kusafishwa na kupewa dawa, wadudu wanaingia mfupani.

Aliyeumia kidole kikubwa kikaonekana kupinda. Vidole vidogo vinasamehe, kikubwa ndicho kinachosukuma kila hatua.

Mwenye damu iliyovilia kwenye unyayo, katikati, upande wa chini. Ishara hii ndogo inapuuzwa sana, nayo inaweza kumaanisha kano zinazoshikilia mifupa mirefu zimeachia. Eksirei ya mguu uliolala inaweza kuonekana safi. Amwambie daktari kuhusu doa hilo, na kama anaweza, apigwe picha akiwa amesimama.

Mwenye kisukari, au mwenye ganzi ya miguu ya muda mrefu. Kutosikia maumivu hakumwambii chochote.

Na mwenye maumivu yanayopanda badala ya kushuka. Hili ndilo la kulihofia usiku wa kwanza. Misuli midogo ya mguu imefungwa kwenye vyumba visivyotanuka. Uvimbe ukijaa ndani, damu inashindwa kupita na msuli unaanza kufa ndani ya saa chache. Dalili: maumivu makubwa kuliko jeraha linavyoonekana, dawa haitulizi, mguu umekaza, na mtu mwingine akikikunja kidole taratibu mgonjwa anapiga kelele. Ganzi hufuata. Legeza bendeji yote, shusha mguu uwe usawa wa moyo na si juu yake, na aende wakati huo huo. Tiba ni upasuaji wa kufungua nafasi, na haingoji asubuhi.

Ikiwa ngozi imekatika, uliza chanjo ya pepopunda. Jeraha chafu, la udongo au kutu, linahitaji nyongeza kama dozi ya mwisho imepita miaka 5; jeraha safi dogo, miaka 10. Asiyewahi kukamilisha dozi za mwanzo aseme hivyo.

Ukucha mweusi

Damu ikivilia chini ya ukucha inapiga kama moyo, kwa sababu haina pa kutokea. Mhudumu wa afya anaweza kutoboa tundu dogo na kuitoa, na nafuu huja mara moja. Hilo hufaa ndani ya siku moja au mbili, kabla damu haijaganda. Usilifanye karakanani kwa waya uliochomwa moto: kama mfupa chini umevunjika, umeufungulia njia ya uchafu. Ukucha usiouma uache. Utaachia wenyewe baada ya wiki kadhaa. Ukate sehemu zinazonasa soksi, na ujue kwamba ukucha mpya wa kidole kikubwa huchukua miezi 12 hadi 18.

Kurudi kazini

Kidole kidogo kilichovunjika bila kusogea mara nyingi hufungwa pamoja na jirani yake, pamba ikiwa katikati ili ngozi isioze kwa jasho, na hupona kwa wiki 4 hadi 6. Mfupa mrefu wa katikati huchukua wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi. Asirudi kwa kuhesabu tarehe peke yake. Avae buti la kazini na kulifunga kamba bila maumivu, achuchumae kwa ncha za vidole, ashuke ngazi, asimame saa nzima. Mguu wa kulia ukiuma akikanyaga breki kwa nguvu, asiendeshe.

Mtego unaofahamika ni huu: buti halimwingii kwa uvimbe, basi anarudi na ndala "kwa kazi nyepesi", na anapita kwenye sakafu ile ile iliyomuumiza. Kazi nyepesi ifanyiwe ofisini au mezani, nje ya eneo la mizigo. Kama hakuna, bado hajapona.

Buti lililopigwa, na mahali palipoangukia

Buti lililopokea pigo la kweli linastaafu siku hiyo, hata kama linaonekana zima. Kofia imeshatumia uwezo wake wa kubonyea, na ya plastiki huenda ina ufa usioonekana. Pitisha kidole ndani kwenye ukingo wa kofia; ukihisi mbonyeo au makali, jibu umelipata, na usipohisi bado halirudi kazini. Lichane kwa kisu kuanzia ulimi hadi soli kabla ya kulitupa, la sivyo kesho litaokotwa na kuvaliwa na mwingine.

Mahali penyewe pakaguliwe siku hiyo hiyo, vitu vikiwa havijapangwa upya. Andika mambo sita: kitu gani, kilo ngapi, kilitoka kimo gani, nyayo zilikuwa wapi, buti lenye alama gani, na kwa nini kilikuwa mikononi badala ya kwenye troli. Neno "uzembe" lisipokelewe kama jibu la swali la sita. Uliza mpaka upate kitu kinachoweza kubadilishwa: troli ina gurudumu bovu, rafu ya kati imejaa, stendi ya pili iliazimwa haikurudi. Andika na yale yaliyokosa mguu kwa sentimita chache, kwa karatasi ile ile, na anayehusika na gurudumu lile aandikwe jina pamoja na siku ya kulitengeneza.